Siku Zimwi Lilipoongea

Ukishuka Mbalizi siku ya gulio mwezi wa saba, mahindi yameshakauka na baridi inakata masikio, utaona zimwi linapita barabarani. Ni kubwa, mwili wake ni magunia na maganda ya mahindi, linayumba kama lori lililozidisha mzigo kwenye kona. Watoto wanalikimbilia, wanalivuta mkia, wanalipiga picha kwa simu za mama zao. Wanacheka. Anayelivaa ni kijana mmoja mwenye cheti cha sanaa, usihangaike kumuuliza jina. Uliza nani alilitengeneza. Nililitengeneza mimi. Mianzi niliichana mimi, magunia niliyashona mimi, kichwa nilikichonga mimi kwa paina ya Mufindi. Na miaka ishirini na miwili nililibeba mimi kwa mabega haya, watoto kumi na wawili wakiwa tumboni, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyelicheka. Hata mmoja hakuna.

Haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alihitaji mtu wa kumpasulia kuni. Lakini leo nyumba ninayo, shamba la miti ninalo, kiwanja cha mbao pembeni ya barabara kuu ninacho, na hao wenye vyeti wakitaka kupaua nyumba zao wanakuja kwangu kuuliza kama mbao zimekauka. Anayetaka kusahihisha Kiswahili changu asahihishe. Asinifundishe tu zimwi ni kitu gani.

Mimi zimwi nililipata kwa bibi yangu, kule Igowole. Bibi alikuwa anatoa hadithi tukipukuchua mahindi, na hakutoa bure: debe moja limejaa, hadithi moja. Ya zimwi aliiweka mwisho ili tusikimbie kazi. Zimwi lilikuja kijijini likameza watu. Likameza ng'ombe, likameza mbwa, likameza hata jiko likiwa na moto wake. Akabaki mtoto mmoja aliyejificha ndani ya kihenge cha mahindi. Huyo mtoto akashika kisu, akalifuata. Zimwi lilipozidiwa likamwambia, usinichome tumbo, utawaumiza wenzio waliomo. Nikate kidole gumba cha mguu, watatoka wote. Akakata. Wakatoka watu, wakatoka ng'ombe, akatoka mbwa, na mwisho kabisa likatoka jiko, moto bado unawaka. Sisi tulikuwa tunapenda hapo pa jiko. Tunamwambia, "Bibi, rudia jiko." Anasema, "Jaza debe."

Mbalizi nilifika kijana, nina shati moja na msumeno wa kuazima. Kazi ya kwanza ilikuwa kupakia magunia, ya pili kupasua mbao. Pale mtaani kulikuwa na kikundi cha ngoma za mavuno. Kila mwaka mahindi yakishaingia ndani, wanapita mitaani na ngoma, nyumba hadi nyumba, mpaka kiwanja cha mpira, na mbele yao anatembea mtu wanayemwita zimwi. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja Msafwa, fundi wa kuwamba ngoma. Siku ya kwanza nilipoliona hilo zimwi lao nilicheka mpaka nikakaa chini. Jamaa kajipaka unga usoni, kavaa gunia, anawanyooshea watoto vidole.

Nikamfuata yule mzee. "Shikamoo mzee. Hilo zimwi gani linameza mtu, halafu mtu anabaki amesimama nje anakula muwa?"

"Marahaba. Wewe unalo lako?"

"Sina. Nitatengeneza."

"Basi katengeneze, fundi wa maneno."

Nilitengeneza. Nilichukua mwaka mzima, kila Jumapili wenzangu wakitoka kanisani mimi nachana mianzi. Lilipokamilika, mzee alilizunguka mara tatu. Lilikuwa na mbavu za mianzi kama banda la kuku, limevikwa magunia, limefunikwa maganda ya mahindi ambayo likitembea yanasema sha-sha-sha. Taya lake lilikuwa linashuka mpaka chini. Mtoto anaingia kwa miguu yake mwenyewe, taya linafunga, anajikuta tumboni, anashika kamba, anatembea na wenzie gizani. Kwenye mguu wangu wa kulia nilifunga kibuyu nilichokipaka udongo mwekundu. Hicho ndicho kidole gumba. Tukifika kiwanja cha mpira, mtoto aliyeteuliwa anakuja na kisu cha mti, anakata kamba, kidole kinadondoka, mimi naanguka chali. Tumbo linafunguka, wanatoka watoto mmoja mmoja, mama zao wanapiga vigelegele kama vile kweli walishawapoteza. Na wa mwisho anatoka na jiko dogo la mkaa mikononi. Hilo jiko niliongeza mimi, kwa ajili ya bibi.

Yule mzee alinipa masharti matatu. Zimwi haliongei. Zimwi halivuliwi kichwa barabarani. Na zimwi halimezi mtoto aliyeng'oka meno ya mbele, kwa sababu mwenye pengo ameshaanza kuotesha meno ya kutafunia, atakutafuna wewe kutokea ndani.

Sharti la meno nililielewa. La kuongea nilimuuliza.

"Mtoto akishasikia sauti ya jirani yake," alisema, "atamwogopa nani? Na asipoogopa, hicho kidole atakikata kwa nini?"

Sharti hilo nililishika. Mwaka mmoja nyigu aliingia ndani ya kichwa akaniuma kwenye kope, karibu na mboni kabisa. Nilitembea kutoka gulioni mpaka kiwanjani jicho limeziba, na mdomo nimeufunga. Mwaka mwingine mkwe wangu mwenyewe alisimama mbele ya zimwi akanitukana, amelewa, hajui ndani yupo nani. Nikampita. Niambie ni nani mwingine angeweza hilo. Walikuja watu wa chuo fulani kutoka mjini na kinasa sauti, wakanizungushia maswali kiwanjani kwangu, wananiita msanii wa jadi. Mmoja akauliza nimesomea wapi. Nikamwonyesha rundo la mbao, nikamwambia, pale. Akaandika kwenye daftari. Sijui aliandika nini.

Nilimeza nusu ya mji ule. Leo wapo manesi, wapo madereva wa malori ya Tunduma, yupo diwani mmoja ambaye tumboni kwangu alijikojolea, na akinipita kwenye gari lake hanisalimii. Mimi namwangalia tu.

Binti yangu ndiye aliyekata kidole akiwa na miaka sita. Ni mtoto wangu wa pekee. Alikuja na kisu chake cha mti, hatetemeki, amekaza midomo kama mama yake. Alikata kamba kwa pigo moja, hakuna mtoto mwingine aliyewahi kukata kwa pigo moja. Nilianguka, na pale chini, nikiwa naangalia juu kupitia tundu la mdomo, nilimwona ananiangalia. Hakushangilia na wenzie. Nilidhani ni ujasiri umemzidi.

Huyo nilimsomesha mimi. Kwa hela ya mbao, mpaka chuo, Iringa. Akapata kazi huko huko ofisi za serikali, akaolewa na mwalimu, akazaa mtoto wa kike. Mjukuu wangu. Na hapa ndipo ilipokaa shida yote ninayotaka kuisema: kati ya watoto wote wa nchi hii, huyo mmoja sikuwa nimemmeza.

Kila mwaka mavuno yakikaribia nilikuwa namwambia binti yangu, mlete. Kila mwaka ana sababu. Mwaka huu mdogo sana. Mwaka huu ana mafua. Mwaka huu baba yake ana semina. Mtoto akafika miaka sita kasoro. Siku moja akanipigia simu, mimi nipo kiwanjani napima mbao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Jino la mbele linacheza, hataki nimguse."

Niliweka futi chini. "Linacheza sana?"

"Kawaida tu, baba. Ni jino."

"Mlete wiki ijayo. Likidondoka hilo, basi tena."

"Baba, hilo tumeshaongea."

"Tumeongea wapi? Umeongea wewe."

"Mtoto ni mwoga. Krismasi kanisani alilia kwa sababu ya kondoo. Mtoto mwenzie kavaa shuka jeupe, yeye analia mpaka tukatoka nje. Wewe unataka nimtie ndani ya gunia?"

"Si ndiyo maana! Aingie mwoga, atoke mzima. Wewe si uliingia? Si ulikata? Umekufa?"

Nikasikia mtoto anaimba kwa mbali. Halafu akasema taratibu, "Baba, unajua mimi nilijua ni wewe?"

"Ulijua nini?"

"Siku ile nakata kidole. Nilipoinama niliona kisigino chako. Kile chenye ufa, ulichokuwa unakipaka mafuta ya mgando kila asubuhi. Nikajua ni wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema zimwi haliongei. Na nyumbani nako ulikuwa huongei. Mimi nilidhani ndivyo ulivyo."

Nilimwambia vocha yangu inaisha. Kumbe aliyepiga ni yeye. Niliwaka siku nzima. Nyumbani siongei! Mtu ameamka saa kumi kufuata magogo, amerudi na vumbi la mbao mpaka kooni, aongee nini? Nilikuwa nachoka. Na huko kuchoka ndiko kulikomweka kwenye kiti cha ofisi anachozunguka nacho leo. Haya niliiambia futi, kwa sababu ndiyo ilikuwa mbele yangu.

Lakini bahati ikaja yenyewe. Barua ilitoka Iringa kwa watu wa utamaduni, wanaalika vikundi vya ngoma za mavuno vipite mitaani, na sisi tumo, na kwenye barua wameandika kabisa, mje na zimwi. Yule mzee Msafwa alikuwa ameshafariki, kikundi kinaongozwa na mjane wake, ambaye ndiye mwimbishaji wetu. Mama yule sauti yake ikipanda hata mbwa wanakaa kimya. Nikampigia binti yangu.

"Nakuja Iringa na zimwi. Jumamosi. Tutapita karibu na kwako."

"Nitasimama naye barabarani," akasema. "Akitaka kuingia mwenyewe kwa miguu yake, aingie. Akilia, baba, unapita. Humshiki, humngoji. Unapita."

"Napita."

"Niahidi."

"Nimesema napita. Jino?"

"Bado lipo."

Iringa mji umekaa juu ya kilima, ukitoka bondeni huna njia nyingine, unapanda. Tulianza saa nane mchana, jua kali lakini upepo wa baridi. Miaka hamsini na moja nilikuwa nayo, sisemi ili nihurumiwe, kwani vijana wawili wa kikundi chetu walijaribu kulibeba zimwi pale chini bila watoto na wakalitua baada ya hatua kumi. Mimi nilipanda nalo. Kila penye kundi la watu mwimbishaji anapandisha sauti, "Limekula wote, bado mmoja!" na wanawake wanaitikia, "Bado mmoja, yuko wapi?" na taya langu linashuka. Watoto wa Iringa hawajawahi kuona kitu cha namna ile. Walikuwa wanajificha nyuma ya mama zao, wanachungulia, wanasogea, wanarudi, halafu mmoja anafumba macho anaingia. Nilipofika karibu na soko nilikuwa na wanane tumboni, kimya, wameshika kamba. Mmoja alikuwa anapumua kwa nguvu mgongoni kwangu. Magoti yananiambia kaa chini. Nikayaambia subirini, kwanza mjukuu.

Nikamwona kupitia tundu la mdomo. Amesimama na mama yake penye ukuta wa duka la nguo, amevaa sweta jekundu nililomnunulia mimi Krismasi. Mwimbishaji alijua ndiye yeye. Alisimamisha kundi zima pale, akaimba kwa sauti ya chini kama anambembeleza mtoto alale, "Limekula wote, bado mmoja." Ngoma zikashuka. Nikashusha taya.

Mjukuu wangu aliangalia. Akamwangalia mama yake. Mama yake hakusema kitu, na hapo namsifu. Mtoto akaachia mkono, akaja hatua moja. Akaja ya pili. Sweta limemfika magotini. Nilikuwa naliona hata lile jino limeinama kidogo, maana alikuwa ameacha mdomo wazi. Alibakiza hatua tatu. Tatu tu! Akasimama. Nikaona kidevu kinaanza kutetemeka.

Pale nilitakiwa nipite. Niliahidi, na hata nisingeahidi, ndiyo kazi: zimwi halimwombi mtu. Unapumua, unayumba, unamwacha. Mtoto akibaki, atakuja mwaka kesho. Lakini huyu mwaka kesho hayupo. Nikaona binti yangu anasogea kumchukua, mkono umeshanyooka. Na mimi, mtu niliyeumwa na nyigu kwenye jicho nikanyamaza, nilifungua mdomo.

"Njoo, mjukuu wangu," nikasema. "Usiogope. Ni mimi babu."

Ngoma ilikatika. Kweli ilikatika, kama umezima redio. Mwimbishaji alifunga mdomo. Kwa sekunde nilisikia maganda ya mahindi peke yake.

Halafu kutoka ndani ya tumbo, mgongoni kwangu, yule mtoto aliyekuwa anapumua kwa nguvu akasema, "Kumbe ni mzee tu!"

"Linaongea!" akasema mwingine.

"Mzee! Mzee, tutoe nje, pananuka jasho!"

Wakaanza kucheka mle ndani, na nje watu wakaanza kucheka. Watoto wakainua magunia kwa chini, wakatoka wanatambaa kama kuku wanaotoka bandani, hakuna aliyekata kidole, hakuna aliyepiga kigelegele. Yule wa mwisho alilitupa jiko barabarani likavunjika mguu. Simu zimeinuliwa kila upande.

Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa amekodoa macho. Halafu akapiga kelele ambayo nadhani imesikika mpaka stendi.

"Mama! Limemmeza babu! Babu yumo ndani!"

Watu wakazidi kucheka. Yeye akaanza kurukaruka pale pale. "Mtoeni babu! Mtoeni!" Akaangalia huku na huku. Mtoto wa Iringa aliyekuwa ameteuliwa kukata kidole alikuwa amesimama karibu, kisu chake cha mti mkononi. Mjukuu wangu akakiona. Akamnyang'anya. Akaja.

Ndugu msomaji, nimeshaiwaza hii picha kuliko nilivyowaza harusi yangu. Anakuja, machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka, kisu amekishika kwa mikono miwili. Yule mwoga wa kondoo. Hakuna mtoto katika miaka ishirini na miwili aliyeamini namna ile, hata sisi kwa bibi tulikuwa tunawaza jiko tu. Ile hadithi, yenyewe kama bibi alivyoisema, ilikuwa inatembea kwa miguu miwili kuja kwangu barabarani. Mimi kazi yangu ilikuwa moja: kusimama. Akate, nianguke, nitoke, anikute. Dakika moja, labda nusu.

Lakini nilikuwa nasikia vicheko. "Babu kachoka!" mmoja anasema. "Mzee, rudi nyumbani ukalee wajukuu!" Mwingine, "Hilo zimwi la pensheni!" Mimi, kuchekwa! Mimi niliyetoka Igowole na shati moja! Nikashika kichwa cha zimwi kwa mikono miwili, nikakivua, nikakiinua juu.

"Mnamcheka nani?" nikasema. "Ni mimi! Nani mwingine anaweza kulibeba hili? Miaka ishirini na miwili, ni mimi! Hakuna mwingine, ni mimi!"

Nilisema na mengine. Yapo kwenye simu za watu, sihitaji kuyarudia.

Nilipoangalia chini, mjukuu wangu alikuwa amesimama umbali wa mkono. Kisu ameshakishusha. Aliangalia uso wangu, unatoka jasho, una vumbi la maganda. Aliangalia mwili wa zimwi, magunia na mianzi, uwazi mtupu. Halafu akamgeukia mama yake, na macho yake hayakuwa na woga tena. Yalikuwa ya mtu aliyedanganywa na zimwi na babu kwa pamoja. Alikiweka kisu chini barabarani, polepole, kama kitu cha mtu mwingine. Akarudi kushika mkono wa mama yake.

"Baba," binti yangu akasema. Waliondoka.

Tulirudi Mbalizi na basi la asubuhi, kichwa cha zimwi kimefungwa juu kwenye keria pamoja na mizigo ya watu. Hakuna aliyenisema. Mwimbishaji alikaa kiti cha mbele, njia nzima anaangalia nje. Baada ya wiki akaja kiwanjani kwangu, amevaa kitenge cha kwendea msibani.

"Mwanangu, habari ya kazi?"

"Nzuri, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Kichwa kilete."

"Nani atavaa?"

"Yupo kijana. Yule mwenye cheti."

"Mama, yule? Anajua nini yule?"

"Anajua kunyamaza," akasema.

Nilimpa. Nilimpa na mwili, nikampa na magunia ya akiba na sindano ya kushonea, nikampakilia mwenyewe kwenye guta. Asije mtu akasema nilikataa. Kibuyu tu, kile kidole gumba, hakuchukua. Kila mwaka kidole kinakatwa na kinafungwa kipya. Cha mwaka ule kilikuwa hakijakatwa, kamba yake nzima. Alikishika, akakigeuza, akakirudisha mezani. "Hiki kaa nacho wewe," akasema. "Sisi hatuwezi kukitumia."

Sasa wanasema watoto siku hizi hawaogopi kwa sababu ya katuni, kwa sababu ya simu, kwa sababu ya shule za Kiingereza. Wanasema hivyo mbele yangu, kwa adabu. Lakini nimesimama mlangoni kwangu siku ya gulio, nimeliona zimwi langu linapita, yule kijana anajitahidi, hatua anazijua, taya analishusha vizuri, nitamnyima haki nikisema hajui. Na watoto wa Mbalizi wanakimbia pembeni yake wanaigiza sauti ya kizee, "Usiogope, ni mimi babu! Usiogope, ni mimi babu!" Na yeye hajibu. Anapita. Msimu mzima alipita hivyo, tumboni hana mtoto.

Desemba binti yangu alikuja na mtoto kula Krismasi. Hatukuongelea Iringa. Alileta keki, akanisifia dari mpya. Mtoto alikuwa na mapengo mawili mbele na alikuwa anatema mate kupitia hapo, mama yake anamkataza. Aliingia ofisini kwangu, kile chumba cha mbao ninamoandikia hesabu, akaona kibuyu kimening'inia kwenye msumari. Rangi yake nyekundu imeanza kubanduka. Akapanda kwenye stuli, akakichukua.

"Babu, hiki nini?"

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa ananiangalia mimi, wala haangalii kibuyu. Nilikuwa nayo yote mdomoni, kijiji, ng'ombe, mbwa, mtoto ndani ya kihenge, na jiko linatoka bado linawaka. Hata debe nisingemwambia ajaze.

"Kibuyu," nikasema.

Akakigonga kwa kidole, akaweka sikio. "Kina kitu ndani?"

"Hakina."

Akakirudisha kwenye msumari, akashuka kwenye stuli, akaenda nje kucheza na maranda. Binti yangu aliweka kikombe mezani, mbele yangu, juu ya daftari.

"Kunywa, baba," akasema. "Inapoa."